Jinsi ya Kupima Urahisi wa Kutumia Tovuti ya Maktaba na Hazina ya Tafiti ya Chuo

Wakutubi na wasimamizi wa mifumo wanaoanza kazi hii huuliza maswali yale yale: niwaite watu wangapi, niwape kazi gani, ninunue programu ipi, na nikishapata matokeo niyafanyie nini. Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Umeandikwa kwa ajili ya maktaba ya chuo cha kawaida cha Tanzania au Kenya, ambayo tovuti yake kwa kweli ni mifumo kadhaa iliyounganishwa kwa viungo. Ipo katalogi, mara nyingi Koha. Ipo hazina ya tasnifu na machapisho ya chuo, mara nyingi DSpace. Yapo majarida ya kulipiwa yanayopatikana kupitia miungano ya maktaba kama COTUL nchini Tanzania na KLISC nchini Kenya. Na ipo milango ya kufikia majarida mtandaoni, kama Research4Life na AJOL (African Journals Online). Msomaji haoni mifumo minne. Anaona maktaba moja, na akikwama popote husema maktaba haina kitu.

Shika jambo moja tangu mwanzo: tovuti ipimwe mahali na kwa kifaa anachotumia msomaji, wala si kwenye meza ya mkutubi. Mkutubi ni kama mwenye nyumba aliyezoea kizingiti kirefu, ambaye hajikwai tena na hakumbuki kuwaonya wageni.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Huhitaji maabara wala programu ya kulipia. Andaa yafuatayo:

- Watu wawili: mwendeshaji wa kikao na mwandishi wa kumbukumbu. Mtu mmoja akifanya kazi zote mbili, ataandika huku jambo muhimu likimpita.
- Simu ya kawaida ya Android yenye bando, kwa washiriki ambao simu zao zitagoma. Wengine wote watumie simu zao wenyewe.
- Kompyuta mpakato moja, kwa ajili ya kazi ambazo wasomaji wako huzifanya kwenye kompyuta.
- Njia ya kurekodi skrini. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 11 zina kinasa skrini ndani yake. Kwenye kompyuta, OBS Studio hupatikana bure.
- Akaunti ya majaribio yenye haki za mwanafunzi wa kawaida. Akaunti ya msimamizi huonyesha vitufe na mafaili ambayo msomaji hatayaona kamwe.
- Karatasi: fomu ya ridhaa, kazi za kufanya (kila moja kwenye karatasi yake), jedwali la kumbukumbu na dodoso la mwisho.
- Shukrani ndogo kwa washiriki, kwa mfano bando au chakula cha mchana. Watangazie mapema kwamba kila mmoja ataipata, amalize kazi au asimalize.

Hatua ya 1: Ingia kutoka nje, ukiwa peke yako

Zima Wi-Fi ya chuo, washa data ya simu, fungua dirisha la faragha la kivinjari, kisha itafute makala moja ambayo una hakika chuo kimeilipia. Wachapishaji wengi humtambua msomaji kwa anwani ya IP ya chuo, na kwa sababu hiyo makala hufunguka ofisini kwako bila kuuliza chochote, ilhali mwanafunzi aliyepanga chumba mtaani hukutana na ukurasa unaomdai dola. Wakutubi wengi hawajawahi kuuona ukurasa huo kwa macho yao.

Andika kila ukurasa unaoupita, na mara ngapi unaombwa nywila. Chunguza kama nywila ni moja au ni tatu, kwa maana si ajabu mwanafunzi akawa na nywila ya mfumo wa usajili, nyingine ya katalogi, na nyingine ya huduma ya kusomea nje ya chuo kama EZproxy au MyLOFT, bila ukurasa wowote kumweleza ipi ni ya wapi. Tazama pia matumizi ya data kwenye mipangilio ya simu, kabla na baada. Ukurasa wa mbele uliojaa picha kubwa za mahafali humaliza bando la msomaji kabla hajaandika neno la kwanza.

Yaliyovunjika waziwazi, kama viungo vilivyokufa, yarekebishe sasa. Hakuna sababu ya kumwita mtu aje kukuonyesha jambo ambalo ungeliona mwenyewe kwa robo saa.

Hatua ya 2: Chagua swali moja

Swali la kama tovuti ni nzuri halipimiki. Uliza jambo linaloweza kujibiwa kwa kutazama, kwa mfano: je, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kujua kitabu kipo rafuni au kimeazimwa? Je, mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaweza kupata tasnifu ya idara yake akiwa nyumbani? Swali moja kwa duru moja ya upimaji linatosha, mengine yasubiri duru ijayo.

Hatua ya 3: Tafuta washiriki

Waite watano kwa kila kundi la wasomaji. Idadi hiyo inatokana na hesabu ya watafiti wa urahisi wa matumizi, Jakob Nielsen na Thomas Landauer, ya mwaka 1993: katika miradi waliyoichambua, mshiriki mmoja alifichua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo yaliyokuwapo, kwa hiyo watano hufichua takriban asilimia 85, na kila anayeongezwa baada ya hapo hurudia kwa sehemu kubwa yaliyokwisha kuonekana. Wastani huo unadhania kwamba washiriki wanafanana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na mhadhiri anayeandika makala hawaitumii maktaba kwa namna moja, hivyo usiwachanganye watano kutoka makundi matatu ukadhani umemaliza.

Usiwachukue wasaidizi wa maktaba, watu wa TEHAMA, wala wanafunzi wanaoshinda maktabani kila siku. Unaowatafuta ni wale wasiokuja. Wapate kantini, hosteli, au kupitia viongozi wa darasa.

Jitahidi awepo angalau mshiriki mmoja asiyeona au mwenye uoni hafifu, anayetumia TalkBack kwenye simu au NVDA kwenye kompyuta, programu za kusoma skrini kwa sauti ambazo hupatikana bure. Kikao kimoja cha namna hiyo hufichua vitufe visivyo na majina, na tasnifu za zamani zilizoskaniwa kama picha tupu ambazo programu ya kusoma skrini haiwezi kuzitamka hata neno moja.

Hatua ya 4: Andika kazi za kufanya

Hapa ndipo upimaji mwingi huharibika, kwa hiyo tumia muda. Kazi nzuri humweleza mshiriki anachotaka kupata na kumwacha atafute njia. Kazi mbaya humtajia njia. Linganisha:

Mbaya: «Fungua katalogi, tumia kichujio cha mwaka, upate makala za baada ya 2019 kuhusu mihogo.»

Nzuri: «Mwalimu wako amekuagiza usome makala tatu za miaka ya karibuni kuhusu ugonjwa wa batobato wa mihogo. Zipate, kisha hifadhi moja kwenye simu yako ili uisome baadaye bila intaneti.»

Maelekezo ya kwanza yana neno «katalogi» na neno «kichujio», yaani tayari umempa mshiriki majibu mawili. Isitoshe, umempeleka mahali ambapo makala za majarida huenda zisiwepo kabisa, kwa kuwa katalogi ya chuo kwa kawaida huorodhesha vitabu na majina ya majarida, si kila makala iliyomo ndani yake. Mshiriki akiangukia kosa hilo mwenyewe katika maelekezo ya pili, umepata tatizo la kweli la tovuti yako.

Mfano wa batobato una faida nyingine. Mwanafunzi wa kilimo hulijua jina hilo tangu nyumbani, na wengine wataliandika hivyo hivyo kwenye kisanduku cha kutafutia, ilhali ikisiri na maneno muhimu ya makala nyingi yameandikwa kwa Kiingereza. Tazama tovuti inamwambia nini mtu aliyepata matokeo sifuri. Je, inampendekezea maneno mengine, au inamwachia ukurasa mweupe? Weka pia kazi moja inayohitaji jina la mwandishi lenye tahajia zaidi ya moja, kama Shaban na Shaaban, au Mohamed na Muhammad, na ubainishe kama mfumo unamkubali anayeanza na jina la kwanza badala ya la ukoo.

Kama mfumo wako hutunza kumbukumbu za utafutaji, zifungue kabla ya kuandika kazi, usome maneno yaliyotafutwa yakaleta matokeo sifuri. Ni chanzo bora kuliko mawazo ya kikao chochote cha kamati. Kazi tano au sita zinatosha kwa kikao cha dakika 45. Kwa kila moja andika mapema, kwa ajili yako mwenyewe, ni nini kitahesabiwa kuwa kufaulu na ni dakika ngapi utasubiri kabla ya kumhamishia mshiriki kwenye kazi inayofuata.

*Tahadhari:* Hakikisha mwenyewe siku hiyo hiyo kwamba kila kinachotafutwa kweli kipo. Tasnifu iliyofungiwa kwa muda na mwandishi wake hugeuza kazi rahisi kuwa isiyowezekana.

Hatua ya 5: Pima majina ya menyu kwa karatasi

Hatua hii ni fupi na haina gharama. Andika majina yote ya menyu kuu kwenye vipande vya karatasi, kisha mwulize kila mshiriki kabla ya kugusa skrini: «Ukibonyeza hapa, unatarajia kupata nini?» Andika jibu lake bila kulisahihisha. Maktaba nyingi huweka kwenye ukurasa wa mbele majina kama Hinari, AGORA, OARE, ARDI na GOALI, ambazo ni programu tano za Research4Life zilizogawanywa kwa nyanja za afya, kilimo, mazingira, teknolojia na sheria. Mkutubi huyasoma majina hayo kama nyanja. Mwanafunzi huyasoma kama herufi. Vivyo hivyo kwa «Communities & Collections» ya DSpace, ambayo msimamizi huijua kuwa ni orodha ya vitivo na idara, nami sijaona sababu ya kuiacha kwa jina hilo iwapo mfumo wenyewe unaruhusu kulibadilisha.

Hatua ya 6: Fanya jaribio la awali

Pitia kikao kizima na mtu mmoja ambaye matokeo yake hutayahesabu. Utagundua maelekezo yasiyoeleweka, kinasa skrini kilichogoma, na kazi inayokula muda wote. Rekebisha, kisha endelea.

Hatua ya 7: Pata ridhaa

Mweleze mshiriki unarekodi nini, nani ataona, na lini utafuta, kisha asaini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 zinagusa rekodi za aina hii. Tumia namba badala ya majina, na usirekodi wakati mshiriki anaandika nywila yake. Ukikusudia kuyachapisha matokeo kama utafiti, omba kibali cha maadili cha chuo kabla ya kikao cha kwanza, maana hakitolewi kwa kurudi nyuma.

Hatua ya 8: Endesha kikao

Anza kwa salamu na maji ya kunywa, kisha sema wazi: «Tunaipima tovuti, hatukupimi wewe. Ukikwama, kosa ni letu, na ndicho tunachokitafuta.» Mwombe aseme kwa sauti anachowaza anapofanya kazi, kwa lugha yoyote anayoiwazia. Akichanganya Kiswahili na Kiingereza, mwandishi aandike kama ilivyotamkwa.

Fikiria kwa makini ni nani ataendesha. Mwanafunzi anayeanza kwa kukuamkia «shikamoo» hatakwambia kwamba tovuti yako inachosha. Atasema ni nzuri, ila yeye ndiye hajazoea, na atasema hivyo kwa adabu ya kweli. Kwa hiyo mpe uendeshaji kijana wa rika la washiriki, mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo kwa mfano, nawe ukae nyuma na jedwali. Mkuu wa maktaba asiwepo chumbani.

Baada ya kumpa kazi ya kwanza, nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu mkutubi amefundishwa kumsaidia msomaji, na mkono wake huenda wenyewe kuonyesha kitufe. Mshiriki akiuliza «Nibonyeze hapa?», mjibu: «Ungefanya nini kama nisingekuwapo?» Akikaa kimya muda mrefu, mwulize: «Sasa unawaza nini?» Muda uliopanga ukiisha, mshukuru na umpe kazi inayofuata bila kumwonyesha njia sahihi, kwani ukimwonyesha utakuwa umemfundisha kazi zinazobaki. Majibu yote mpe mwishoni, kama anayataka.

Mwandishi wa kumbukumbu aandike matendo kwanza, maoni baadaye: alianzia wapi, aliandika maneno gani (kama yalivyo, pamoja na makosa ya tahajia), alirudi nyuma mara ngapi, alifaulu peke yake au la. Aweke alama maalumu pale mshiriki anapoiacha tovuti na kwenda Google. Jambo hilo si utovu wa nidhamu. Linakuonyesha dakika kamili ambayo maktaba ilimpoteza msomaji, na ni vyema kumwacha aendelee ili uone kama Google inamrudisha kwenye hazina yako au inampeleka kwingine.

*Tahadhari:* Usimuulize mshiriki kama angependa kuongezewa huduma fulani. Karibu kila mtu husema ndiyo.

Hatua ya 9: Dodoso la mwisho

Kama unataka namba ya kulinganisha duru moja na nyingine, tumia dodoso la SUS (System Usability Scale), la kupima urahisi wa kutumia mfumo, lililobuniwa na John Brooke mwaka 1986. Lina kauli 10, na kila moja hujibiwa kwa 1 hadi 5. Kwa kauli za namba witiri, toa 1 kwenye jibu. Kwa kauli za namba shufwa, toa jibu kwenye 5. Jumlisha zote, kisha zidisha kwa 2.5. Mshiriki aliyepata jumla ya 13 kwenye kauli za witiri na 12 kwenye za shufwa ana 25, yaani alama 62.5. Alama hizo huenda hadi 100 lakini si asilimia. Wastani unaotumiwa sana kama kipimo ni 68.

Kwa watu watano namba hii ni dokezo tu. Kwa sababu ya adabu niliyoitaja, huwa naiamini kidogo kuliko kumbukumbu za matendo: mtu anaweza kushindwa kazi nne kati ya sita akaipa tovuti alama 80.

Hatua ya 10: Pima uzito wa matatizo na urekebishe

Siku hiyo hiyo, kabla hamjasahau, kaeni wawili na muorodheshe kila tatizo, idadi ya washiriki lililowakwamisha, na uzito wake: 0 kama si tatizo, 1 la urembo tu, 2 dogo, 3 kubwa, 4 la kurekebishwa kabla ya jambo jingine lolote. Mlango wa kuingilia unaomkataa msomaji aliye nje ya chuo ni 4 hata kama umemkwamisha mmoja. Rangi ya kichwa cha ukurasa ni 1 hata kama wote watano wameitaja, isipokuwa maandishi yasomeke kwa shida. Viwango vya WCAG, vya kufanya tovuti itumike na watu wenye ulemavu pia, vinataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya maandishi ya kawaida na ya usuli wake.

Ripoti iwe kurasa mbili, ikiambatana na vipande vifupi vya rekodi kwa wale walioridhia vionyeshwe. Usiandike «asilimia 60 walishindwa» wakati una maana ya watu watatu kati ya watano. Andika watu watatu kati ya watano. Anza na marekebisho yaliyo mikononi mwako, yaani majina ya menyu, maelezo chini ya kisanduku cha kutafutia, na mpangilio wa viungo, kisha pima tena na watu wapya. Duru tatu ndogo katika mwaka hufaa kuliko moja kubwa inayoishia kwenye kabati.

Mambo yakigoma

*Washiriki hawatokei.* Waalike saba ili uwapate watano, wakumbushe kwa ujumbe asubuhi ya siku yenyewe, na uepuke majuma ya mitihani.

*Intaneti au umeme unakatika katikati ya kikao.* Usiifute rekodi. Andika muda, mwache mshiriki afanye ambacho angefanya nyumbani, na utazame kama fomu ya utafutaji imehifadhi alichoandika mtandao unaporudi. Ukishindwa kabisa kuendelea, hesabu kazi hiyo kuwa haikupimwa. Usiihesabu kuwa imeshindikana.

*Mshiriki hasemi anachowaza.* Wengine huona aibu kuongea peke yao. Waweke wawili wawili, marafiki, kwenye simu moja. Watajadiliana bila kuombwa. Utahesabu jozi kuwa mshiriki mmoja.

*Kila mtu anafaulu kila kazi.* Yamkini kazi zako zinataja maneno yaliyo kwenye skrini, au washiriki wote ni wazoefu. Rudi hatua ya 3 na ya 4.

*Wote wanakwama kwenye kazi moja.* Ifanye mwenyewe kutoka nje ya mtandao wa chuo kabla ya kuilaumu menyu. Mara nyingi utakuta usajili wa jarida umekwisha muda, au faili kwenye hazina limewekewa ruhusa ya msimamizi peke yake, na tovuti imemwomba msomaji nywila badala ya kumwambia ukweli.

*Tatizo liko kwenye tovuti ya mchapishaji, ambayo huna mamlaka nayo.* Piga picha ya skrini, andika hatua zilizofuatwa, na uvipeleke kwa mratibu wa muungano wa maktaba mliomo, maana malalamiko ya vyuo kadhaa kwa pamoja yana uzito kuliko barua ya chuo kimoja. Wakati unasubiri jibu, weka kwenye ukurasa wako, juu ya kiungo chenyewe na si kwenye ukurasa wa msaada, sentensi moja inayomweleza msomaji atakutana na nini akibonyeza na aingie kwa nywila ipi.